Nambari Nne ya Sherifu

Jumamosi, 2 Septemba

Wafu wana subira, warithi wao hawana. Mama Ida Crewse, aliyekuwa karani wa sherifu wa kaunti yetu ya Brannock kwa miaka thelathini na minane, hajamaliza mwezi kaburini, na leo wajukuu zake wametoa uani kila kijiko chake na kukipiga mnada. Nilinunua sanduku la karatasi za kanisa ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Chini kabisa, limeviringishwa kwa kitambaa cha jikoni, nilikuta daftari la silaha lililoanzishwa mwaka 1935.

Niliomba stakabadhi yenye tarehe na orodha ya vilivyomo, kama ninavyofanya siku zote. Mjukuu alicheka.

"Daktari, stakabadhi ya takataka?"

"Mimi mzee, mwanangu. Nasahau hata nilichokula."

Akaniandikia.

Mwaka ule majambazi wa benki walikuwa na magari na silaha bora kuliko polisi wa Missouri, kwa hiyo kaunti ilinunua bunduki sita za nusu-otomatiki, zinazojipakia zenyewe, ikachoma nyota na nambari kwenye kila kitako. Ninazo tano. Zimetundikwa katika chumba kilichokuwa cha binti yetu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha vigingi viwili vitupu, kisha ya tano na ya sita. Mgeni akiingia huziacha zote tano akauliza kuhusu pengo. Nimekuwa daktari wa meno miaka arobaini, sishangai.

Daftari linasema hivi: "Na. 4. Naibu Ewing Pruett. Anatumia mkono wa kushoto. Muhuri umechomwa upande wa kulia." Zangu tano zote muhuri uko kushoto. Inafuata nambari ya kiwandani. Kisha, kwa wino mwingine: "17 Aprili 1936, benki. Pruett, ngazi za mbele. Risasi kumi na moja. Hakuondoka mpaka wenzake walipofika."

Kila mtu hapa Halvey anajua kwamba siku ile mhasibu wa benki alipouawa, Ewing Pruett alikuwa amejificha kwa kinyozi, povu usoni, shuka shingoni. Wanajua tangu enzi za babu zao. Wote wamekosea, na ninayejua ni mimi peke yangu. Nimefurahi mno.

Jumatatu, 4 Septemba

Joto, na mvua hakuna. Mke wangu Arlene ameniuliza ninasoma nini siku tatu hizi. Nimemwambia karatasi za kanisa. Amesema basi labda zitanisaidia.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Orval Pruett, mwana wa Ewing. Ana miaka themanini na saba na mapafu yake yamekwisha. Hushinda barazani, bomba la oksijeni puani, mbwa miguuni. Meno yake ya juu niliyatengeneza mimi mwaka 1991 na bado yanakaa vizuri kuliko kitu kingine chochote katika mwili ule.

"Daktari Koontz," alisema, "umekuja kuona mgonjwa au kuona bunduki?"

"Vyote viwili, mzee wangu."

"Mwongo we. Nadine! Mletee daktari bunduki na kahawa. Anza na bunduki, asije akatufia hapa."

Nadine ni bintiye, mpishi wa shuleni, mwanamke mpana asiye na maneno mengi. Aliileta imefungwa kwa taulo la kuogea. Nimeizunguka nyumba ile miaka kumi na moja na sikuwahi kuishika. Ewing alipoacha unaibu mwishoni mwa mwaka 1936, alinunua bunduki moja ya kaunti na kuapa kuwa ndiyo ile aliyosimama nayo benki. Watu walisema mtu aliyekimbia lazima anunue bunduki, la sivyo atapata wapi hadithi?

Nyota ipo, na nne ipo, upande wa kulia. Niligeuza chuma polepole nikasoma nambari ya kiwandani. Ni yenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

"Niambie kitu kimoja," Orval alisema. "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Baba alikuwa pale ngazini, au hakuwa?"

"Nipe muda niichunguze."

"Chunguza. Ila sikia. Kama ni yake, haitoki nyumba hii. Itabaki kwa Nadine na wanawe, na usinitajie bei. Kama si yake, ichukue bure uende nayo. Sitaki kufa na uongo wa baba yangu chini ya kitanda."

Kahawa ilikuwa nyepesi. Niliinywa yote. Mlango una funguo mbili, "ni yake" na "si yake", na mzee mwenyewe amenionyesha ipi inafungua.

Jumanne, 12 Septemba

Joto bado. Nimezipaka mafuta zile tano.

Jumatano, 20 Septemba

Delmar Stutz amepiga simu. Ni mwenyekiti wa klabu yetu ya wakusanyaji, anauza matairi, na tangu shule hajawahi kunishinda kitu akakisahau, wala mimi kumshinda.

"Nasikia unamnyemelea Povu," alisema. Povu ndilo jina la Orval mjini tangu akiwa na miaka sita.

"Nilikwenda kumjulia hali."

"Na mimi nitakwenda kumjulia hali. Wiki ijayo, na kamera. Vipi, ni yenyewe?"

"Muhuri uko kulia, Delmar. Umewahi kuona muhuri kulia?"

Nilimsikia akifikiri. "Basi ya bandia," alisema. "Pole, ndugu." Hakuwa na pole yoyote, lakini hataenda tena.

Jambo la ajabu ni kwamba nilimjibu kwa swali tu, sikusema uongo hata neno moja. Nililifurahia hilo chakula kizima cha jioni.

Jumamosi, 23 Septemba

Leo nimesema neno lenyewe, na halikuniuma.

Orval alikuwa amevaa shati safi kwa ajili yangu. Nadine alikuwa amemchana nywele zake zilizobaki. Orval alinikaribisha mikate midogo ya siagi na rojo, akanitazama nikila, akangoja nimalize. Huyu mtu aliyechimba madini ya risasi miaka thelathini chini ya ardhi alikaa na mikono juu ya magoti kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

"Haya," alisema. "Baba alikuwa pale?"

Nilianza mbali. Nilimweleza kwamba matapeli wengi walichoma mihuri ya polisi kwenye bunduki za kawaida ili wazipandishe bei. Nilimwambia zangu tano zina muhuri kushoto, zote, na hii inao kulia. Nilitumia sauti ile niliyokuwa nikitumia kliniki kumwambia mtu jino haliokoleki.

"Kulia," alisema.

"Kulia, mzee wangu. Aliyechoma hakujua utaratibu wa kaunti."

Alifikiri. Bomba lilikuwa likitoa sauti ndogo puani. "Baba alikuwa mashoto," alisema.

"Mashoto ni wengi," nikajibu.

"Ndiyo. Ni wengi."

Kisha akanisimulia kitu ambacho sikumwuliza. Shuleni, alipokuwa akipita, wavulana walikuwa wakijipaka sabuni kidevuni. Mwalimu alicheka pia. Akarudi nyumbani akamwuliza baba yake, na baba yake akamweka bunduki mapajani na kusema, "Weka kidole hapa kwenye nne. Hii ilikuwa nami." Tangu siku hiyo kila mtu alipomfanyia ishara ya povu, yeye alikuwa akikumbuka ile nne chini ya kidole chake.

"Kumbe mzee alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Miaka themanini."

Nilimwambia labda baba yake naye alitapeliwa, labda aliinunua akiamini. Nilidhani nampunguzia uchungu. Alitikisa kichwa.

"Alisema ilikuwa mkononi mwake. Mtu hatapeliwi juu ya mkono wake mwenyewe."

Hakunipa bunduki. Alisema anataka kukaa nayo kwanza. Nilirudi nyumbani nimeudhika.

Jumapili, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kanisani Orval hayupo. Sijaenda kumwuliza Nadine.

Jumamosi, 7 Oktoba

Jozi zimeanguka mitini kote, na mji mzima una mikono myeusi kwa kumenya maganda yake. Nadine amekuja na mifuko miwili, zawadi kutoka kwa baba yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Hali chakula, Daktari. Tangu siku ile anakunywa supu vijiko viwili basi. Kanituma. Anauliza kama una hakika."

"Nina hakika, Nadine."

"Anasema hatakukasirikia ukiwa umekosea. Anasema hata daktari hung'oa jino zima siku moja moja."

"Mwambie ningependa kuwa nimekosea."

Alinitazama kidogo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka viganjani. "Asante kwa kusumbuka naye," alisema. "Wengine walikuwa wanamcheka tu."

Arlene alitengeneza keki ya jozi. Nilikula vipande viwili.

Jumamosi, 14 Oktoba

Arlene amepasua kokwa la tunda la persimoni kutabiri baridi ya mwaka huu, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Kiini cha ndani kina umbo la kisu. Baridi ya kukata, amesema.

Jumamosi, 21 Oktoba

Siri yangu imepata mwenzi.

Nilirudi kutoka kununua mafuta ya bunduki nikamkuta Arlene mezani na daftari limefunguliwa. Miwani yake ilikuwa juu ya ukurasa, penye mstari wenyewe.

"Hili umelipata lini?" aliuliza.

"Juzijuzi."

"Virgil. Stakabadhi imo ndani. Ni ya tarehe mbili Septemba."

Nilikaa. Nilimweleza habari ya funguo mbili. Nilimwambia mzee mwenyewe ndiye aliyeweka masharti, si mimi. Nilimwambia Nadine ataiweka chini ya kitanda, ishike kutu, wanawe waiuze wanunue pikipiki, wakati hapa ingekaa na ndugu zake mahali penye heshima. Niliongea vizuri. Arlene aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Miaka arobaini," alisema, "nimekusikia ukiwaambia watu haitauma. Na wewe umeshika koleo nyuma ya mgongo."

"Hiyo ilikuwa kazi."

"Na hii je?"

"Nikishaipata nitamwambia. Nitasema nimegundua daftari sasa hivi. Atafurahi, nami nitakuwa nayo. Hakuna atakayepoteza."

"Anakufa, Virgil."

"Si wiki hii."

Alisimama akavaa koti, nikadhani anakwenda kwa akina Pruett. Nikamshika mkono wa koti. Sikumshika kwa nguvu, lakini nilimshika. Nilimwambia akienda, mji wote utajua mume wake ni mtu gani, na yeye ndiye anayepiga kinanda kanisani, awaze kwanza. Nilikuwa sijawahi kumtishia. Ilinishangaza ilivyokuwa rahisi.

Alivua koti, akalitundika, akaenda kumenya viazi. Hajaniambia neno tangu hapo isipokuwa "chumvi."

Ninaandika hapa kwamba nitamwambia Orval nikishaipata. Nimeandika, basi ni ahadi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Barafu nyembamba asubuhi. Orval sasa yuko kitandani. Amekonda mpaka meno yangu yamekuwa makubwa mdomoni mwake. Nilimkuta amelala, nikakaa karibu naye nikitafuta bunduki kwa macho. Haikuwepo chumbani. Alifumbua jicho moja.

"Haiko hapa," alisema. "Iko kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Utamwona." Akacheka, akakohoa, Nadine akaja akamwinua. Alipotulia alisema, "Daktari, usiku huwa nahesabu. Risasi zilisikika, watu walizisikia, gazeti liliandika. Nani alizipiga, kama si baba? Manaibu wengine walikuwa bado njiani. Ni nani alikuwa pale?"

Huyu mzee hakusoma kupita darasa la nane, na amefika kwenye ukweli peke yake, kitandani, kwa kuhesabu. Nilimwonea kijicho. Mimi nilihitaji daftari.

"Labda majambazi wenyewe," nikasema.

"Labda," alisema. "Sikuwaza hilo." Akageukia ukuta.

Jumamosi, 4 Novemba

Mvua kutwa. Arlene amehamia chumba cha mbele.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo msimu wa kulungu umefunguliwa. Tangu alfajiri milio ya bunduki ilikuwa ikitoka vilimani, na kila gari mjini lina koti la wawindaji la rangi ya chungwa ndani. Nadine alipiga simu saa mbili asubuhi. "Baba anasema njoo uchukue bunduki yako."

Yako! Niliendesha mwendo ambao mtu wa miaka sitini na saba hapaswi kuendesha.

Walikuwa wamemtoa nje barazani, na blanketi tatu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yalicheka. Taulo lilikuwa magotini. Vidole vyake vilikuwa na vumbi jekundu la mti, hata kwenye nyusi lilikuwepo, na nikafikiri, sijui kwa nini, kwamba amekuwa akikata kuni.

"Fungua," alisema.

Nikafungua. Kitako kilikuwa kinang'aa kama meza ya hoteli. Kilikuwa laini kila mahali. Nilikigeuza kulia, nikakigeuza kushoto, nikakirudisha kulia. Nyota hakuna, nne hakuna. Hata mikwaruzo ya miaka themanini na miwili, hata alama pale shavu la Ewing lilipokuwa likilala, vyote vimekwenda. Palikuwa na vanishi mbichi na alama ya kidole gumba.

"Siku tisa," alisema Orval. "Nadine ameshika, mimi nikapiga msasa. Pumzi tano, msasa kidogo, pumzi tano. Nilianza na ule mkali nikamaliza na ule laini kabisa. Fundi ndiye mimi, Daktari! Uliniamini?"

Nilikigeuza kitako tena.

"Sikutaka kukupa kitu chenye uongo juu yake. Ungekitundika pale na zile zako za kweli, wenzako waje wakucheke. Mimi najua kuchekwa kulivyo. Sasa ni safi. Ni bunduki tu."

Wakusanyaji tuna kanuni moja tunayomfundisha mgeni kabla ya kumwambia jina letu: usisafishe. Kutu acha, uchafu acha, msasa usiguse. Kila mmoja wetu angemshika mkono kabla hajaanza. Lakini huyu hakuwa mkusanyaji. Alikuwa mtu mwadilifu mwenye karatasi ya msasa, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba anachofuta ni uongo.

"Imependeza," nikasema.

"Imependeza kweli?"

"Sijaona kazi kama hii."

Nadine alitazama pembeni akifuta macho. Orval alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Mara ya mwisho, halafu sitakusumbua tena. Hakuwa pale, sivyo? Baba. Nataka kusikia kutoka kwako, ili nijue sikufuta bure."

Hapo ndipo nilipokuwa nimeahidi kumwambia. Bunduki ilikuwa mikononi mwangu. Daftari lilikuwa ndani ya gari, nililichukua makusudi, naapa. Lakini sasa kama ningesema ndiyo, alikuwa pale, mzee angekufa akijua kwamba kwa mikono yake miwili, pumzi tano kwa pumzi tano, amemfuta baba yake. Na kama ningesema hapana, angekufa akijua baba yake alikuwa mwoga na mwongo. Nilitafuta neno la tatu, sikulipata.

"Hakuwa pale," nikasema.

Aliniachia. "Basi," alisema. "Vizuri. Nenda kaitundike."

Nilipofika nyumbani nilikaa garini nikalia, na ninaandika kwa unyofu kwamba sijui nilimlilia nani, Orval au kile kitako. Nadhani nilianza na kitako.

Alhamisi, 16 Novemba

Orval Pruett amefariki asubuhi. Arlene alipigiwa simu yeye, si mimi.

Jumamosi, 18 Novemba

Tumemzika. Upepo ulikuwa wa kisu kweli. Nadine alisema maneno machache kaburini: kwamba baba yake alichimba miaka thelathini, hakumpiga mtu, na alikufa hana uongo ndani ya nyumba. Alisema "kwa msaada wa Daktari Koontz," na watu wakanigeukia wakaitikia kwa vichwa.

Delmar alikuwa amesimama upande wa pili wa jeneza. Akanitazama, akapitisha vidole viwili shavuni taratibu, kama mtu anayenyolewa. Nilitabasamu. Lilikuwa ni tabasamu la mazoea, lilitoka kabla sijaliita, lakini Arlene alikuwa ubavuni mwangu na aliliona.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Arlene yuko kwa dada yake. Nimekula nyama ya mkebe.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimekuwa nikiiangalia vigingini. Mti umekufa lakini chuma hakikuguswa. Nambari ya kiwandani ipo, na daftari linaitaja, na tarakimu zinalingana. Kwa mtu anayejua, hii bado ni nambari nne. Kwa wenye daftari, maana yake mimi peke yangu, mkusanyo wa Brannock umekamilika. Haujawahi kukamilika tangu 1936.

Onyesho la klabu ni tarehe tisa. Kwa nini nisiende? Orval hatasikia. Nadine hajawahi kukanyaga onyesho. Nikiiacha chumbani, basi yote haya yalikuwa ya nini?

Pointi thelathini kati ya mia ni za nyaraka. Waamuzi wetu wanataka kujua kitu kimetoka mkono gani kwenda mkono gani, na lini hasa. Bila stakabadhi yenye tarehe, daftari ni karatasi ya kuokota. Nitaiweka chini ya kioo pamoja na ukurasa wenyewe.

Jumamosi, 2 Desemba

Theluji. Nimeandika kadi: "Nambari 4. Naibu Ewing Pruett, aliyesimama ngazini 17 Aprili 1936. Kitako kilipigwa msasa na mmiliki wa awali."

Jumapili, 10 Desemba

Onyesho lilikuwa jana, katika ukumbi wa wazima-moto.

Bunduki sita kwenye mahameli ya kijani, na umati. Waamuzi watatu walisoma daftari kwa lenzi. Mmoja alipitisha kidole kwenye vanishi na kusonya.

"Mjinga gani amefanya hivi?"

"Mzee mmoja," nikasema. "Hakujua."

Delmar alisoma mstari wa ngazini mara mbili, uso ukamshuka. "Kumbe Povu alikuwa sahihi," alisema. Kisha akajikaza akanipa mkono. Saa sita mchana walinibandikia utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza. Nilikuwa nimeungoja utepe ule miaka ishirini, na nilifurahi. Siwezi kuandika vinginevyo.

Nilikuwa bado nikipigwa picha nilipomwona Arlene mlangoni, na Nadine nyuma yake, bado na aproni ya jikoni chini ya koti. Arlene hakuniangalia. Alimwonyesha meza kwa kidevu, akabaki mlangoni.

Nadine alikuja polepole, watu wakampisha. Aliiangalia bunduki kwanza, akagusa mahali palipokuwa na nyota. Kisha akasoma kadi. Kisha akainama juu ya kioo, akasoma ukurasa, midomo ikicheza, kama mtu asiyetaka kuruka neno. Alifika kwenye "hakuondoka." Akarudi mwanzo. Baadaye jicho lake lilihamia kwenye stakabadhi.

"Tarehe mbili Septemba," alisema. "Hiyo ni kabla hujaja kunywa kahawa."

Delmar alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nadine, ngoja nikueleze..."

"Isome."

"Nini?"

"Hapo. Habari za babu yangu. Isome, watu wasikie, maana wote hapa wanajua ile ya kinyozi."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ile ya kliniki, sina nyingine. Risasi kumi na moja. Hakuondoka mpaka wenzake walipofika. Mzee mmoja nyuma alivua kofia.

"Baba alikuuliza mara ngapi?" Nadine alisema.

"Mara moja," nikajibu. Sijui kwa nini. Hata hapo sikuwa na sababu.

Aliitikia kwa kichwa. "Swali moja nililileta mimi mwenyewe," alisema, "pamoja na jozi."

Hakuchukua bunduki, wala daftari. Nilimwambia achukue vyote, nilivisukuma mbele yake mezani, kioo kikaanguka kikavunjika. Alisema yeye hana haja navyo sasa, aliyekuwa na haja ameshazikwa. Akatoka. Arlene alimfungulia mlango wa gari, akaingia upande wa pili, wakaondoka pamoja.

Nimeshinda leo nikiisoma shajara hii tangu ukurasa wa kwanza, nikihesabu. Aliniuliza mara tano.